Bekoni ya uyoga: jinsi inavyotengenezwa kwa chanja na mkaa, na hatari ambazo video hazisemi

Wasikilizaji kadhaa wametuuliza kuhusu video zinazozunguka kwenye simu. Mtu anachana uyoga vipande virefu, anaupaka rojo jeusi, anaukaanga, kisha anauma kipande kinacholia kama chapati kavu na kusema ni bekoni. Je, ni kweli? Na je, mtu wa kijijini asiye na oveni wala friji anaweza kutengeneza kitu hicho?

Ndiyo, anaweza. Kwa maoni yetu, chanja na moshi wa kuni vinatoa ladha nzuri kuliko oveni ya kwenye video. Lakini kuna maswali mawili ambayo video hizo huyaruka: ni uyoga gani uliotumika, na ukishatengenezwa unakaa muda gani. Yote mawili yanaweza kumpeleka mtu hospitali, na ndiyo sababu tunaandika kwa kirefu kuliko tulivyosema hewani. Kama bando lako ni dogo, soma kwanza sehemu ya uyoga wa porini, mengine yanaweza kusubiri.

Bekoni ni nini hasa

Wengi wetu tunaijua kwa jina tu. Bekoni ni nyama ya nguruwe ya tumbo au ya mgongo, iliyolala kwenye chumvi kwa siku kadhaa, mara nyingi pamoja na kemikali iitwayo naitraiti, kisha ikafukizwa moshi na kukatwa vipande vyembamba. Ililetwa kwetu na Waingereza, na nchini Kenya hata eneo la Uplands karibu na Limuru lilijulikana kwa kiwanda chake cha bekoni. Tanzania watu wa kawaida wanaijua zaidi kitimoto, yaani nguruwe wa kukaanga au wa kuchoma na ndizi, na bekoni imebaki ya hoteli na maduka makubwa.

Sasa kwa nini mtu aiige kwa uyoga? Sababu ya kwanza ni dini. Waislamu hawali nguruwe, na Wasabato nao hawali. Baadhi ya Wasabato huacha nyama kabisa. Kutengeneza mfano wa nyama kwa mimea si jambo jipya katika kanisa hilo: mwishoni mwa karne ya 19, daktari John Harvey Kellogg wa Battle Creek, Marekani, alikuwa akiwapa wagonjwa wake chakula cha karanga kilichofanana na nyama. Kabla yake, wapishi wa mahekalu ya Kibudha huko China walikuwa wameshazoea kwa karne nyingi kuandaa uyoga na maharage ya soya vikafanana na nyama ya bata au ya nguruwe.

Sababu ya pili ni afya. Mwaka 2015, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliziweka nyama zilizosindikwa, bekoni na soseji zikiwemo, katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Ilisema kwamba kula gramu 50 za nyama hizo kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Hilo halina maana kwamba kipande kimoja cha bekoni ni sawa na sigara. Kundi lile linaonyesha ushahidi una nguvu kiasi gani, halipimi ukubwa wa hatari. Hata hivyo, mtu aliyekuwa akila kila asubuhi ana sababu ya kupunguza.

Na kwa wafugaji kuna sababu ya tatu. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, haina tiba. Haiambukizi binadamu, lakini ikiingia katika wilaya, usafirishaji na uchinjaji wa nguruwe husimamishwa na mezani nyama hiyo haionekani kwa miezi.

Kwa nini uyoga unadanganya ulimi

Si kila mmea unaweza kuigiza nyama. Ukikaanga biringanya utapata kitu laini kinachoteleza. Uyoga una tabia mbili ambazo mboga nyingine hazina.

Ya kwanza ni ladha. Uyoga una glutamati, ambayo ndiyo humfanya mtu aseme mchuzi huu una utamu wa nyama. Nyanya zilizoiva sana zinayo, dagaa wakavu wanayo, na sosi ya soya inayo kwa wingi. Uyoga ukikaushwa, ladha hiyo huongezeka, kwa kuwa mbali na maji kupungua, ndani yake huundwa kiungo kingine kinachoipa glutamati nguvu mara kadhaa. Weka uyoga mkavu pamoja na sosi ya soya na hapo nusu ya kazi imekwisha. Wazee wanaosema uyoga wa kichuguu una ladha ya kuku hawatanii.

Ya pili ni umbo. Kuta za chembe za uyoga zimejengwa kwa chitini, kitu kilekile kilicho kwenye maganda ya kamba na panzi. Chitini haiyeyuki kwa moto wa jikoni. Ndiyo maana mchicha ukipikwa dakika ishirini unakuwa uji, na uyoga ukipikwa muda huohuo bado una kitu cha kutafuna. Chitini hiyohiyo ndiyo sababu tunashauri uyoga usiliwe mbichi: tumbo linapata shida kuusaga.

Kitu ambacho uyoga karibu hauna ni mafuta. Bekoni ya nguruwe hukaangika kwa mafuta yake yenyewe, na sehemu kubwa ya harufu inayoamsha jirani hutoka humo. Kwa hiyo mafuta lazima yaongezwe. Ya nazi yanafaa kuliko ya alizeti kwa sababu hupakana na uyoga na kuganda yakipoa, kama ya nyama yanavyoganda.

Huko Marekani wamekwenda mbali zaidi. Katika jimbo la New York kuna kampuni ya Ecovative, iliyoanzishwa mwaka 2007 na vijana wawili, Eben Bayer na Gavin McIntyre. Kampuni ndugu yake, MyForest Foods, inauza bekoni ambayo haitokani na vichwa vya uyoga bali na nyuzi zake nyeupe, zile ambazo mkulima wa uyoga huziona zikitanda ndani ya mfuko kabla vichwa havijatoka. Wanazikuza zikawa bamba nene kama godoro, wanalikata vipande vyembamba, kisha wanatia chumvi, sukari, mafuta ya nazi na rangi ya kiazisukari chekundu. Kazi hiyo inahitaji vyumba vinavyodhibitiwa hewa na unyevu saa zote, kwa hiyo tuwaachie wao. Sisi tutatumia vichwa na mashina.

Uyoga wa kutumia

Tumia uyoga wa kulimwa unaoitwa mamama. Ndio ule mweupe au wa kijivu, unaoota kwa vishada kama masikio yaliyopangwa, na ambao vikundi vingi vya akina mama huulima kwenye mifuko ya mabua ya mpunga, majani ya migomba au pumba za pamba. Video nyingi za nje zinatumia ndugu yake mwenye shina nene kama ndizi, ambaye kwetu hupatikana kwa shida na kwa bei ya hoteli. Usihangaike naye. Mamama una nyuzi ndefu zinazochanika kwa mkono kuanzia kichwani hadi mwisho wa shina, na ndicho kinachotakiwa.

Chagua uyoga uliovunwa kabla kingo za kichwa hazijapinda kwenda juu. Uliokomaa sana una shina gumu kama kamba, na humwaga vumbi la mbegu ambalo huwakohoza wanaouvuna. Uwe mkavu kwa kushika, usio na utelezi wala harufu ya uchachu. Usiuloweke kwenye maji. Pangusa kwa kitambaa. Uyoga mbichi ni maji kwa asilimia 90 hivi, na kila tone utakaloongeza itabidi ulitoe baadaye kwa mkaa.

Uyoga wa porini

Hapa ndipo tunapoomba utulie. Tunajua kwamba katika mikoa ya miombo, na kwingine kwingi, masika ni msimu wa uyoga, na kuna akina bibi wanaoijua aina kumi na zaidi kwa majina. Hatuna ugomvi na maarifa hayo. Hofu yetu ni kwa kijana aliyeangalia video, akaona uyoga mweupe mzuri kando ya njia, akaamua kujaribu.

Uyoga wenye sumu kali zaidi duniani ni wa ukoo uitwao Amanita, na baadhi yake ni mweupe, safi, usio na harufu mbaya; waliowahi kuula na kupona wamesema ulikuwa mtamu. Sumu yake, amatoksini, haiondolewi kwa kuchemsha, kukaanga, kukausha, kutia chumvi wala kufukiza moshi. Kwa hiyo hatua zote tutakazoeleza hapa chini hazisaidii lolote kama uyoga wenyewe ni mbaya.

Kinachoifanya sumu hii iwe ya hila ni saa. Mtu akila jioni, analala vizuri. Saa 6 mpaka 24 baadaye anaanza kutapika na kuharisha sana. Halafu, kwa siku moja hivi, anapata nafuu. Familia inashukuru, kama alikuwa ameanza safari ya hospitali anarudishwa nyumbani, na wakati huo ini linaendelea kuharibika. Siku ya tatu au ya nne macho yanakuwa ya manjano. Kwa hiyo mtu aliyekula uyoga akaanza kutapika baada ya saa nyingi kupita, mpeleke hospitali siku hiyohiyo hata akisema anajisikia vizuri. Beba na mabaki ya uyoga, yaliyopikwa au mabichi, au hata maganda yaliyotupwa, ili wahudumu waone. Wote waliokula chungu kimoja waende, pamoja na wasioumwa bado. Maziwa na mafuta ya kula hayaondoi sumu hiyo. Yanapoteza muda tu.

Kuna na uyoga mwingine mkubwa mweupe wenye magamba kichwani, unaopenda kuota kwenye nyasi za uwanja wa shule au wa mpira mvua ikinyesha. Unafanana sana na unaoliwa. Ukikomaa, upande wa chini wenye mistari hugeuka kijani kijani. Huu mara chache huua, lakini hutapisha na kuharisha hadi mtu mzima akaishiwa nguvu, na kwa mtoto mdogo upungufu huo wa maji ni jambo kubwa.

Mbinu za kupima zinazozunguka mitaani hazina ukweli. Kuweka sarafu au kijiko cha fedha kwenye sufuria kuona kama kitakuwa cheusi, kupika na kitunguu saumu au mchele kuona kama vitabadilika rangi, kuangalia kama konokono au wadudu wameula: zote hizo zimeshaua watu waliozitegemea. Konokono anakula Amanita bila shida yoyote.

Kama hukuulima wewe, au hukuununua kwa mkulima unayemjua, au hukuchumiwa na mtu ambaye amekuwa akiula uyoga huohuo, wa mahali hapohapo, kwa miaka, uache ulipo.

Namna ya kutengeneza

Chukua nusu kilo ya mamama. Chana kila uyoga kwa mkono kuanzia kichwani kwenda chini, vipande vyenye upana wa vidole viwili. Usikate kwa kisu kwenda upande, utakatiza nyuzi na kipande kitasambaratika kwenye kikaango. Mashina magumu yakate kwa urefu yawe membamba.

Pika kwa mvuke dakika tano, au tumbukiza kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili. Wapishi wengi wa video wanaruka hatua hii, na ndipo bekoni yao inapotoka imechemka badala ya kukaangika. Mvuke unaulegeza uyoga ukaachia maji. Uache upoe kidogo, utandaze kati ya vitambaa viwili safi, weka ubao juu na jiwe juu ya ubao. Baada ya robo saa utakuwa bapa kama kanda, na utakuwa na kiu. Kiu hiyo ndiyo tunayoitaka: uyoga uliokamuliwa hunywa viungo kama sifongo.

Kwenye bakuli changanya vijiko vitatu vya chakula vya sosi ya soya, kijiko kimoja cha asali au sukari guru iliyoyeyushwa, vijiko viwili vya mafuta, punje mbili za kitunguu saumu zilizopondwa, nusu kijiko cha chai cha pilipili manga, na kijiko cha chai cha paprika kama duka lenu linayo. Paprika ni pilipili hoho nyekundu iliyokaushwa na kusagwa, kwa hiyo mwenye hoho na jua anaweza kujitengenezea. Matone machache ya maji ya ukwaju hayaharibu kitu. Kama sosi ya soya haipatikani, tumia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwenye robo kikombe cha maji ya moto, pamoja na nyanya kavu iliyosagwa. Haitakuwa nyeusi vilevile, lakini ladha itakuwepo. Tumbukiza uyoga, geuza, uache angalau nusu saa.

Sasa moshi. Mpishi wa mjini anatumia chupa ya moshi wa maji, kitu ambacho hatujakiona dukani huku. Na hakihitajiki, kwa kuwa watu wa pwani na wa kando ya maziwa wamekuwa wakibanika samaki kwenye chanja tangu zamani, na chanja hiyohiyo inafaa. Mkaa uwe mdogo, umeshafifia, na juu yake weka vipande vya kuni vyenye unyevu kidogo: mpera, mparachichi, mchungwa, magunzi ya mahindi au vifuu vya nazi. Usitumie msonobari, maana utomvu wake unatoa masizi machungu. Mkaratusi una harufu ya dawa ya kifua. Mbao zilizopakwa rangi au dawa ya mchwa ni sumu, na maganda ya korosho yana mafuta yanayochoma ngozi, sembuse koo.

Panga vipande juu ya wavu bila kupandana, futi mbili hivi juu ya mkaa, funika na sufuria au sinia la zamani. Dakika 30 hadi 40 zinatosha. Unataka moshi mwembamba wa rangi ya buluu. Ukiona mzito na mweupe, fungua kidogo upate hewa. Moshi mzito unaacha uchungu, tena ndani yake mna kemikali zilezile zinazofanya nyama za moshi zilaumiwe. Hatuoni maana ya kumkimbia nguruwe kwa ajili ya afya halafu kula masizi. Vipande vikiwa kama ngozi laini, vinavyopinda bila kutoa maji, vitoe.

Asiye na nafasi ya chanja anaweza kutumia sufuria nzito ya zamani: chini weka kiganja cha mchele mbichi, kijiko cha sukari na majani makavu ya chai juu ya kipande cha karatasi ya bati, weka wavu, weka uyoga, funika, washa jiko mpaka moshi utoke, kisha punguza. Dakika 10 tu, nje ya nyumba.

Mwisho ni kikaango. Mafuta kijiko kimoja au viwili, moto mdogo, usiharakishe. Sukari iliyo kwenye viungo huungua upesi na kuwa chungu. Geuza mara mbili au tatu mpaka kingo ziwe kahawia na zianze kukakamaa. Vikiwa bado kwenye kikaango vitaonekana laini, vitakauka vikipoa. Kula na ugali na mboga za majani, au na mayai, au ndani ya chapati. Kwenye maharage, kata vidogo uongeze dakika ya mwisho.

Si nyama, na usimpe mtoto kama nyama

Kwenye hili video zimetuudhi kuliko kwenye lingine lolote. Zinasema kwamba uyoga una protini sawa na nyama. Si kweli. Gramu 100 za mamama mbichi zina protini kama gramu 3. Gramu 100 za bekoni ya nguruwe iliyokaangwa zina zaidi ya 30, na maharage makavu yana kama 22. Uyoga ukikaushwa kabisa namba yake inapanda, lakini nani anakula gramu 100 za uyoga mkavu kwa mlo mmoja?

Uyoga pia hauna vitamini B12 ya kutegemewa, ile inayopatikana kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa, na ambayo ukosefu wake huleta upungufu wa damu na ganzi ya miguu. Kwa nyumba inayokula nyama mara nyingi, kubadilisha siku mbili kwa wiki ni sawa kabisa. Kwa nyumba ambayo dagaa na yai moja moja ndivyo pekee wanavyopata watoto, bekoni ya uyoga isichukue nafasi hiyo. Ile bekoni ni kitoweleo cha kuleta hamu. Maharage, choroko au dagaa vibaki kwenye sahani.

Zuri moja la bure: ukitandaza uyoga mbichi juani saa za mchana, upande wenye mistari ukiangalia juu, kwa nusu saa hadi saa moja, mwanga huunda ndani yake vitamini D. Fanya hivyo kabla ya kuupika kwa mvuke.

Na chumvi tuihesabu. Vijiko vitatu vya sosi ya soya vina chumvi kama gramu 7. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, kutoka vyakula vyote. Nusu kilo ikiliwa na watu wanne, kila mmoja anapata karibu gramu 2, na inatosha. Ikiliwa na mtu mmoja mbele ya televisheni, amepita kiwango. Mwenye presha apunguze sosi iwe kijiko kimoja na aongeze ukwaju na pilipili manga.

Kutunza, na kwa wanaotaka kuuza

Bekoni ya nguruwe inakaa kwa sababu ya siku zake nyingi kwenye chumvi na naitraiti. Ya uyoga haijapitia hayo. Ina ladha ya bekoni bila kinga ya bekoni. Isiyo kwenye friji iliwe siku hiyohiyo. Kwenye friji siku nne.

Kosa tunaloliogopa ni la mtu kutengeneza vipande vyenye unyevu, akavitia kwenye mfuko wa plastiki uliobanwa hewa au kwenye chupa ya mafuta, akaviweka rafuni wiki mbili. Kwenye udongo kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili maji yanayochemka. Wakikosa hewa, wakapata unyevu na joto la kawaida, hutengeneza sumu ya botulizimu, inayolegeza misuli mpaka ile ya kupumua. Haina harufu, na chakula kinaweza kuonekana kizuri. Uyoga uliotunzwa kwenye chupa na mafuta majumbani umewahi kuwa chanzo cha ugonjwa huo katika nchi nyingine.

Njia salama ni kukausha kabisa. Uyoga mtupu, bila viungo wala mafuta, uuanike na kuumalizia kwenye moshi mpaka ukiukunja unavunjika kama kijiti. Huo unakaa miezi kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Siku ya kutumia, uloweke moja kwa moja kwenye mchanganyiko wa sosi na maji kidogo ya moto kwa dakika 20, kisha ukaange. Kwa mkulima, hii ndiyo faida kubwa: mamama mbichi bila friji una siku moja au mbili tu, na anayevuna kilo kumi Jumatatu akakosa mnunuzi huishia kugawia kuku.

Kabla ya kuuza piga hesabu. Vipande vya moshi vinapungua uzito, na kilo moja hutokana na kama kilo mbili na nusu za uyoga mbichi. Tuseme uyoga kwenu ni shilingi 8,000 kwa kilo: hiyo tayari ni 20,000. Ongeza sosi, mafuta, mkaa na vifungashio, tuseme 5,000. Pakiti ya gramu 100 inakugharimu 2,500 kabla hujajilipa wewe mwenyewe. Kama soko la kijijini halilipi 3,500, uza uyoga mkavu, au uza vipande vilivyokaangwa papo hapo kando ya chapati, ambako mteja anavutwa na harufu. Anayetaka kupeleka dukani kwenye pakiti anahitaji jengo na bidhaa vitambuliwe na Shirika la Viwango, TBS kwa Tanzania na KEBS kwa Kenya. Kwa Tanzania, ofisi za SIDO mikoani huwafundisha wasindikaji wadogo, anzia huko.

Jina nalo liangalie. Neno bekoni linamvuta mteja wa hotelini na kumfukuza Mwislamu ambaye angeipenda bidhaa hiyo zaidi ya wote. Waandikie "uyoga wa moshi", na uwaambie bila kuulizwa kwamba wavu, kikaango na mafuta havijawahi kugusa nguruwe. Kama vimegusa, nunua vingine kwanza.

Yale maji uliyokamua chini ya jiwe usiyamwage. Yachemshe na kitunguu na nyanya, yanatosha mchuzi wa maharage ya siku hiyo.